Bibi haijui tena nyumba yake: nani atakesha naye?

Tangu Pensheni Jamii ya Zanzibar, ile anayolipwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, ilipopandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi 20,000 hadi 50,000 kwa mwezi, mazungumzo ya wazee hapa visiwani yamekuwa mazungumzo ya fedha. Yanasikika barazani, yanasikika vikaoni: mzee sasa ana chake, kilichobaki ni watoto watimize wajibu. Na anapotokea mtu akauliza mbele za watu kama kuna makao mazuri ya kumpeleka mama yake aliyepotewa na kumbukumbu, hujibiwa kwa ukali kwamba anamtupa mzazi, anajitafutia laana, ameiga uzungu. Furaha ile ya pensheni na hasira hii ya makao zina chanzo kimoja. Kote kuwili tunamfikiria mzee mwenye akili zake timamu ambaye amepungukiwa na pesa au na watu. Mgonjwa wa usahaulifu hatumuoni.

Hoja yangu ni kwamba swali la nyumbani au makaoni ni swali la pili. La kwanza ni nani yuko macho na mgonjwa saa nane za usiku, anajua nini juu ya maradhi yake, na nani anamkagua huyo anayemlea. Nyumba ya mtoto isiyo na jibu la maswali hayo ni mahali pabaya pa kuugulia, hata ikiwa na mapenzi tele. Makao yenye jibu ni mahali pa heshima, hata yakiwa na kuta za serikali. Na kwa kuwa makao tuliyonayo hayakujengwa kwa ajili ya maradhi haya, familia inayotafuta lazima ijue hasa inatafuta nini.

Tuanze na majengo yenyewe, maana mengi yanayosemwa juu yake hayalingani na historia yake. Sebleni, mjini Unguja, ni zao la miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi ya 1964, pale serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilipojitwika jukumu la kuwapa wazee wasiojiweza mahali pa kulala na posho ya chakula. Welezo ni ya zamani zaidi. Ilianza enzi za ukoloni chini ya wamisionari wa Kikatoliki, ikihifadhi mafukara na wagonjwa wa ukoma. Kwa Pemba, wapo wazee wanaotunzwa Limbani, Wete. Wazo la asili kote huko ni moja: kumpa hifadhi mtu aliyezeeka bila mtoto wala nyumba, wakiwemo waliokuja visiwani ujanani kufanya kazi za mashamba na hawakurudi kwao. Kwa hiyo anayetuchorea picha ya watoto wenye uwezo wanaompanga mama yao Sebleni ili wao wastarehe, anazungumzia kazi ambayo nyumba zile hazikuwekwa kuifanya. Mzee wa Sebleni mwenye akili zake huujua mlango wake, huenda msikitini, hukaa kizingitini akazungumza na jirani. Mzee asiyeujua mlango wake anahitaji mtu, mchana na usiku, na paa peke yake halimsaidii.

Maradhi yenyewe tuyaeleze kwa kifupi. Madaktari huyaita dimensia, na ndani yake mna maradhi kadhaa yanayouharibu ubongo hatua kwa hatua. Kubwa kati yake ni lile lililoelezwa mwaka 1906 na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapa petu, ambapo presha na sukari zimeingia karibu kila nyumba, hilo linatuhusu moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na hali hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu na sisi, utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 uliwakuta nayo zaidi kidogo ya watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Namba hiyo inafaa kusomwa kwa pande zake mbili. Upande mmoja inatuambia kuwa maradhi haya yapo Afrika Mashariki, hayakuletwa na meli ya watalii. Upande wa pili, ambao huwa tunausahau, inatuambia kuwa wazee 90 na zaidi katika kila 100 hawana. Basi lile neno tunalolikimbilia, “uzee tu huo”, halisimami. Uzee hausahaulishi jina la mwanao. Ukiona hivyo, kuna kitu kinachoumwa.

Na kwa kuwa ni ugonjwa, mlango wa mwanzo kuubisha ni wa daktari, kabla ya kufikiria makao yoyote. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kuna wazee wanaohukumiwa kuwa wamepotewa na akili hali wana kitu kinachotibika. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyozembea, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, huzuni nzito baada ya kufiwa: yote haya hufanana na usahaulifu. Mzee aliyekuwa sawa Ijumaa, kisha Jumatatu anaweweseka, hawatambui watu walio mbele yake, anataja waliokufa, mara nyingi ana maambukizo ya njia ya mkojo, homa, au amekaukiwa maji mwilini tu, na anahitaji matibabu siku ile ile. Halafu kuna dawa tunazompa wenyewe. Piriton, ambayo nyumba nyingi hutumia kumlaza mzee asiyelala, ni katika dawa zinazozidisha mkanganyiko kwa watu wa umri huo. Anayetaka kumsomea mzee wake, amsomee. Kisomo kina utulivu wake, na mzee aliyelelewa chuo cha Qur'ani huweza kuitambua sauti ya kisomo baada ya kuyasahau majina ya wanawe. Lakini kuzinguliwa na kombe visiwe sababu ya kuchelewesha kipimo cha damu.

Sasa hoja za wanaopinga makao. Ile ya dini ndiyo nzito, na haitendewi haki ikipitiwa juu juu. Aya ya 23 ya Surat Al-Israa inamtaja mzazi anayefikia uzee akiwa kwako, na inakataza hata neno dogo la kuonesha kuchoka naye. Aya ya 70 ya Surat An-Nahl inaizungumzia hali yenyewe, mtu kurudishwa kwenye umri dhaifu hata asijue kitu baada ya kuwa alikuwa akijua. Muislamu wa Unguja au Pemba anayezichukua aya hizi kwa uzito hafanyi hivyo kwa ushamba. Tena sayansi ya maradhi iko upande wake kuliko anavyojua. Mgonjwa wa usahaulifu huishi kwa mazoea: harufu ya jiko lile, sauti ya adhana kutoka msikiti ule, njia ya kutoka kitandani kwenda chooni ambayo miguu inaikumbuka hata kichwa kikisahau. Ukimhamisha unamvua yote hayo kwa pamoja. Ndiyo maana madaktari wenyewe huwaasa watu wasimhamishehamishe mgonjwa wa aina hii pasipo sababu.

Nimeliona hilo kwa shangazi yangu. Aliletwa kutoka Wete hadi ghorofa za Michenzani, mjini Unguja, ili awe karibu na hospitali, kwa nia safi kabisa ya wanawe. Kule kwao alikuwa akisahau, lakini akifagia ua wake kila asubuhi na kuokota mayai. Michenzani, kila magharibi ilipokaribia, alikuwa akijifunga kanga yake ya pili, anashika kimfuko chenye msuaki na tasbihi, anasimama mlangoni: “Haya, nipelekeni kwetu, kuku hawajafungiwa.” Wakimwambia kwamba hapa ndipo kwao, alikuwa akiwatazama kama mgeni aliyeshushwa bandari asiyoijua. Mkaza mwana wake, ambaye hakuna aliyemfundisha, ndiye aliyegundua cha kufanya. Aliacha kubishana naye. Alimwambia, “Twende bibi, lakini kwanza nisaidie kuchambua mchele,” akamwekea ungo mapajani. Hofu ilikuwa ikishuka taratibu mikononi mwake.

Ujuzi ule wa mkaza mwana ndio ninaoutafuta katika mjadala huu wote. Ulipatikana nyumbani, ndiyo, lakini haukupatikana kwa sababu ya nyumba. Ulitoka kwa mtu mwenye muda, mwenye subira, ambaye alielewa kwamba ukimsahihisha mgonjwa unamtisha bure. Hali hii ya kuchangamka na kuhangaika jua linapotua inajulikana vizuri kwa wanaowatunza wagonjwa wa dimensia duniani kote, na njia yenyewe ya kuikabili ndiyo ile ya ungo: mpe kazi ya mikono, mwangaza wa kutosha, usimpinge.

Nyumba za kwetu za asili zina jambo jingine ambalo wachoraji wa majengo wa Ulaya wanahangaika kulibuni. Nyumba ya Kiswahili yenye ua wa nyuma uliozungushiwa ukuta, na kibaraza cha mbele ambapo wapitao hutoa salamu, inampa mgonjwa mahali pa kutembea bila kupotea na sura za watu bila kuhitaji kuwakumbuka majina. Ghorofa ya ngazi, au nyumba ya kisasa yenye geti la chuma mbele ya barabara ya daladala, haina hayo. Familia inayosema “tunamweka nyumbani” ijiulize basi: nyumbani wapi? Nyumba ya mtoto iliyopo Fuoni au Mwanakwerekwe kwa mzee aliyeishi Makunduchi miaka 70 ni mahali pageni kama yalivyo makao yoyote. Kuna wakati kumwacha Makunduchi na kumlipa jirani mwaminifu, na watoto wakapokezana kwenda, ni bora kuliko kumchukua.

Hapo ndipo ilipo hoja dhaifu kuliko zote za upande huu, ile inayotajwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba mzee akiwa chini ya paa la mwanawe hajatupwa. Ametupwa mara nyingi tu. Tunazo nyumba ambamo mzee hufungiwa kwa kufuli chumba cha uani tangu asubuhi hadi watu warudi kutoka kazini, na chungu cha mkojo pembeni. Zipo ambamo amekabidhiwa msichana wa kazi wa miaka 15 aliyeletwa kutoka shamba kufagia na kufua, ambaye anamuogopa kwa sababu ameambiwa ana shetani. Zipo ambamo anapewa maji kidogo makusudi ili asilowanishe godoro, na ukosefu huo wa maji ndio unaomzidishia kuweweseka. Watendao haya wengi wao si watu wabaya. Wamechoka, hawajui, wanaona haya kusema. Lakini radhi ya mzazi haipatikani kwa anuani ya nyumba.

Tena tuseme ukweli kuhusu nani hasa anayeitwa “watoto” katika sentensi ya watoto watimize wajibu. Kikao cha familia kinapokaa, wanaozungumza ni kaka wakubwa, pengine na ami kutoka Muscat kwa simu ya video. Anayekesha ni binti mmoja, aghlabu aliyeachika au ambaye hajaolewa, ambaye uamuzi wa kumtunza mama nyumbani umekuwa uamuzi wa kumfunga yeye. Ameacha genge lake la biashara, ameacha skuli aliyokuwa akifundisha, halali usingizi mzima. Na akianza kumjibu mama kwa ukali saa nane za usiku, ndiye atakayetajwa kwa kukosa adabu. Ukimnyanyua binti huyu kwenye hoja ya “malezi ya Kizanzibari”, kinachobaki ni kidogo mno.

Wengine husema zamani hatukuwa na haja ya makao. Ni kweli, na sababu zake zinajulikana. Waliofika miaka 80 walikuwa wachache, na nyumba zilikuwa zimejaa wanawake wasiokwenda kazini. Wanawake hao leo wako maofisini, mahotelini, wodini, madarasani, na tuliwasomesha wenyewe ili wawe huko.

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Wanaotetea makao, hasa wenzetu walioishi Ulaya, huzungumza kana kwamba ukishaweka kibao mlangoni na kitanda cha chuma ndani, utaalamu umeingia. Hauingii hivyo. Malezi ya mgonjwa wa dimensia ni kazi ya watu na hesabu ya watu: wangapi, kwa zamu gani, wamefundishwa nini, wanalipwa kiasi gani ili wasiondoke baada ya miezi mitatu. Vigae vipya, kiyoyozi na televisheni ukutani humtuliza mtoto anayelipa. Mgonjwa havimfikii. Ukitembelea mahali popote panapotaka kumpokea mzee wako, iwe makao rasmi, iwe nyumba ya mtu anayelea wazee kwa malipo, usiende saa nne za asubuhi ulipokaribishwa na kuandaliwa. Nenda magharibi. Tazama wagonjwa wanapoanza kuhangaika, wahudumu wanafanya nini: wanawafuata na kuzungumza nao, au wanawafokea na kuwarudisha vitandani? Uliza usiku wanabaki wangapi na wagonjwa ni wangapi. Akikujibu kwamba usiku wote wanalala na hakuna shida, uliza kwa nini wanalala.

Swali hilo la mwisho nalisisitiza kuliko mengine. Dawa kali za wagonjwa wa akili, kama haloperidol, hutumika duniani kote kuwanyamazisha wazee wasumbufu. Mwaka 2005, na tena mwaka 2008, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa za kundi hili huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia. Kuna aina moja ya maradhi haya, ile ambayo mgonjwa huona watu na wanyama wasiokuwepo na mwili wake hukakamaa, ambayo dozi ndogo tu inaweza kumdhuru vibaya, hata kumuua. Zipo hali ambazo daktari huzihitaji, kwa muda mfupi, kwa dozi ndogo, kwa uangalizi. Lakini mahali ambapo dawa hiyo hutolewa na mhudumu kwa kuamua mwenyewe kwa sababu mzee kapiga kelele, usimwache mtu wako hapo hata usiku mmoja. Na hili linawahusu pia walio nyumbani wanaochukua vidonge vya jirani. Vivyo hivyo kufunga kwa kamba au kwa kitenge kwenye kiti. Aliyefungwa hudhoofika miguu, hutoka vidonda vya kulalia, na hupigana kwa sababu hajui kosa lake.

Kisha angalia yale ambayo orodha za kigeni hazitayataja. Nani atamuogesha bibi? Mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote akivuliwa nguo na kijana wa kiume asiyemjua atapiga mayowe, na mayowe hayo yataandikwa kuwa ni ukorofi wa ugonjwa. Wahudumu wanamfanya nini mzee anayesimama kusali adhuhuri mara ya tatu, au anayesahau rakaa akarudia na kurudia? Fiqhi ni nyepesi hapa, kwani aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa juu yake, hadaiwi. Kwa hiyo hakuna haja ya kumkatiza wala kumhesabia. Mwache asali, ndiyo inayomtuliza. Ramadhani ikiingia, nani atahakikisha anakula na kunywa bila kumtia haya? Na lugha: ugonjwa ukikomaa, watu wengi huzikimbia lugha walizojifunza ukubwani wakarudi kwenye ile ya mama. Mji Mkongwe kuna wazee ambao lugha hiyo ni Kingazija, Kigujarati au Kiarabu, na kuna wa Micheweni ambao Kipemba chao halisi kijana wa mjini hakifahamu vizuri. Mzee anayeomba maji kwa maneno yasiyoeleweka anaonekana anaropoka.

Hayo ndiyo yanayonifanya nisite mbele ya wanaotaka kuwavusha wazee bahari kuwapeleka Dar es Salaam, Mombasa au mbali zaidi wakidhani umbali ni ubora. Uingereza, kwa mfano, ina kitu tunachopaswa kukitamani: England kuna tume ya serikali inayoyakagua makao ya malezi na kuichapisha taarifa ya kila nyumba, mtu yeyote akaisoma kabla hajalipa. Lakini mtoto aliyeko London anayefikiri atamchukua mama yake ajue kwamba kanuni za uhamiaji zilizobadilishwa Julai 2012 zinamtaka athibitishe kuwa malezi anayoyahitaji mama hayapatikani nchini kwake hata kwa pesa. Wachache sana hufaulu. Mtoto huyo atasaidia zaidi akilipa mishahara ya walezi wawili wa zamu Chake Chake, akampa dada yake anayekesha siku mbili za mapumziko kila wiki, na akaja mwenyewe mwezi mmoja kwa mwaka akashika zamu ya usiku.

Kuna jambo moja familia huliacha hadi likaharibika, nalo ni saini. Wakala, yaani hati ya kumruhusu mtu akusimamie mambo yako, idhini ya benki, maamuzi ya nyumba na shamba la mikarafuu, yote yanahitaji mtu mwenye akili timamu. Katika miezi ya mwanzo ya maradhi mzee bado anaweza kusema nani amsimamie, anataka aishi wapi, asipelekwe wapi. Muulizeni wakati huo, mbele ya mashahidi, na muandike. Akishafika hatua ya kutojua kitu, uamuzi unakuwa wa mwenye sauti kubwa, na wapo waliokuta kidole gumba cha baba yao kwenye karatasi ya mauzo ambayo baba hakuwa na uwezo wa kuielewa. Kadhi na mahakama zinaweza kumweka msimamizi, lakini familia nyingi hufika huko zikiwa tayari zimegawanyika. Makao yoyote yanayompokea mzee bila kuuliza nani ana haki ya kumsemea yataleta ugomvi huo hadi kitandani kwake.

Serikali haijakaa bure. Mwaka 2016 Zanzibar ilikuwa ya mwanzo Afrika Mashariki kumlipa pensheni kila mkaazi aliyefika miaka 70 bila kuuliza alifanya kazi gani, na mwaka 2020 ilitungwa sheria ya masuala ya wazee. Huo ni msingi wa kujivunia, na kwa hilo ndiyo nadai zaidi. Kila mahali panapopokea wazee kwa malipo, hata kama ni vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu, pawe na usajili na ukaguzi wa kushtukiza, na matokeo yabandikwe kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, watu wayasome. Wahudumu wa Sebleni, Welezo na Limbani wafundishwe maradhi haya, kwa sababu hata waliopokelewa wakiwa na akili zao baadhi yao watayapata, na mafunzo hayo hayo wapewe wahudumu wa afya wa jamii wanaopita majumbani. Kila wilaya ianze na mahali pa kulea mchana: ukumbi wenye ua, walezi wanne watano, chakula cha mchana, mzee anapelekwa asubuhi na kurudishwa alasiri. Kwa familia nyingi hilo tu lingetosha. Binti angerudi skuli kufundisha, na bibi angelala kwake.

Na pensheni yenyewe tuitazame upya kwa mgonjwa huyu. Shilingi 50,000 hazifiki 1,700 kwa siku. Kwa mzee anayejiweza ni heshima kubwa: sukari yake, nauli yake, pesa ya kumpa mjukuu. Kwa asiyejiweza, anayehitaji pampasi, sabuni, dawa za presha na mtu wa kumgeuza kitandani, huisha kabla ya mwezi kufika nusu, na mara nyingi hupokelewa na mtu mwingine ambaye hakuna anayemuuliza alizitumia vipi. Iwepo nyongeza kwa mzee aliyethibitishwa na daktari kuwa hawezi tena kubaki peke yake, na ilipwe kwa jina la yule anayekesha naye. Daktari wa wilaya anaweza kuthibitisha, na sheha anajua ni nani, maana kila shehia inamjua binti huyo kwa jina.